UZI: Mashine ya kufulia ya volti 5, namna ninavyofundisha elektroniki na maikrokontrola kwa vifaa vya nyumbani vya kuigiza

#1 Mwalimu Volti Tano

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mwalimu wa elektroniki katika chuo cha ufundi mkoani. Watu kadhaa wameniuliza pembeni ninavyofundisha maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) bila kuwaweka vijana kwenye umeme wa ukutani, nikaahidi kuandika. Ni kirefu, mwenye haraka ahifadhi asome usiku.

Zamani tulikuwa na mashine halisi ya kufulia, mbovu, tumeiweka katikati ya karakana. Wanafunzi waliifungua, wakafuata nyaya, wakajaribu kujua bodi inaamrisha nini. Siku moja waya wa umeme ulikuwa umechomolewa kabisa, mwanafunzi mmoja ameushika mkononi ili wote waone uko nje ya soketi. Mwenzake akagusa vituo viwili vya kapasita ya mota, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Ilikuwa bado na chaji. Alirushwa mpaka benchi la nyuma, akaumia kiwiko. Alipona, na leo ni fundi mzuri, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nataka ajifunze nini hasa pale? Nilitaka ajue kwamba maji hutangulia ndipo mota izunguke, na kwamba mlango ukiwa wazi hakuna kinachozunguka. Hayo hayahitaji volti 230.

Nikahamia upande wa pili: Arduino (bodi ndogo ya kujifunzia maikrokontrola) na taa ya LED ya kuwaka na kuzimika. Usalama upo, ila somo halipo. Wiki tatu vijana walinakili programu kutoka mtandaoni, taa ikawaka, wakaipiga picha, basi. Ukiuliza kwa nini inawaka, kimya. Taa inayowaka na kuzimika haina shida yoyote inayotatua, kwa hiyo mwanafunzi naye hana sababu ya kuhangaika nayo.

Ndipo nikachukua ubao wa plaiwudi nikatengeneza mashine ya kufulia ya kuigiza. Toleo la kwanza lilikuwa LED ya bluu iliyoandikwa MAJI, nyekundu HITA, kijani MOTA, na swichi ya MLANGO. Lilipendeza, na lilikuwa na kasoro kubwa ambayo nilichukua muhula mzima kuiona: lilikuwa tiifu mno. Programu ikisema maji yamejaa, yamejaa, kwa sababu programu imesema. Mwanafunzi alikuwa anaandika hadithi, ubao unaisoma kwa sauti. Mashine ya kweli haikubali hivyo. Unafungua valvu, na maji yanakuja kwa wakati wake, au hayaji kabisa.

Toleo la pili nililifanya liwe kaidi, na hili ndilo ninalotaka kuwashirikisha.

Tangi la maji ni kapasita ya maikrofaradi 1000. Pini ya Arduino inayoamrisha valvu ikitoa volti 5, chaji inapita kwenye dayodi na rizista ya kiloohm 10, inaingia kwenye kapasita pole pole. Baada ya sekunde 10 hivi tangi limefika asilimia 63 ya ujazo wake, na kadiri linavyokaribia kujaa ndivyo linavyozidi kuchelewa. Dayodi ni ile valvu isiyorudisha maji: iondoe, na kila ukifunga bomba maji yanarudi yalikotoka. Huwa nawaacha waiondoe waone wenyewe. Pampu ya kutoa maji ni transista (swichi ya elektroniki) inayoshusha chaji kwenda hasi kupitia rizista ya kiloohm 1, ili tangi litoke haraka. Kiwango cha maji kinasomwa kwenye pini ya analogi kama namba kati ya 0 na 1023. Hakuna anayeweza kudai maji yamejaa mpaka asome namba. Tena kapasita za aina hii huvuja kidogo kidogo zenyewe, kama ndoo yenye ufa, na hata hilo limekuwa somo.

Hita ni rizista ya ohm 22, wati 2, inayowashwa kwa transista kutoka kwenye chaja ya volti 5. Inakula wati 1.1 hivi, inapata joto la kutosha kidole kuhisi. Nimeibandika thamista, yaani kihisi cha joto. Mota nimeitoa kwenye kicheza CD kibovu, inaendeshwa na chipu ya L293D ili izunguke kulia na kushoto kama ngoma ya kweli. Mlango ni swichi ndogo ya kipanya kibovu cha kompyuta.

Kabla ya mtu kugusa kibodi, nawaambia waandike kwenye karatasi hatua za kufua kwa beseni. Hapo wote ni mabingwa, wamefua tangu wana miaka saba. Jaza maji, weka sabuni, loweka, fua, mwaga, suuza, kamua. Kisha nauliza: ulijuaje beseni limejaa? Ulifanya nini bomba lilipokata maji katikati? Karatasi nyingi hazina jibu, kwa sababu mikono ilishajua bila kuambiwa. Hapo ndipo wanaelewa kazi ya programu. Mashine haina mikono iliyozoea, kila kitu lazima kisemwe.

Kutoka kwenye karatasi ile tunapata hali nane: KUSUBIRI, KUJAZA, KUPASHA, KUFUA, KUTOA MAJI, KUSUUZA, KUKAMUA, HITILAFU. Kila hali wanaiandika hivi:

KUJAZA
valvu wazi, mota imezimwa, hita imezimwa
namba ya maji ikifika 600, nenda KUPASHA
sekunde 40 zikipita haijafika 600, nenda HITILAFU
mlango ukifunguka wakati wowote, funga valvu, nenda HITILAFU

Mstari wa tatu na wa nne ndio ninaowapa alama nyingi. Kuandika mashine inayofua mambo yakienda sawa ni kazi ya siku moja. Kuandika mashine inayojua la kufanya mambo yakiharibika ni kazi ya muhula.

Na mambo nayaharibu mwenyewe. Nyuma ya ubao kuna swichi nne zilizofichwa. Moja inakata waya wa valvu, maji hayaji. Nyingine inakata thamista. Ya tatu inaung'ang'aniza mlango uonekane umefungwa daima. Ya nne inafanya pampu iwe dhaifu. Kundi linaleta programu yake, mimi nabonyeza moja bila kusema, wao wanashika tesita na kutafuta. Thamista iliyokatika ndiyo inayowaumbua wengi, maana programu inasoma baridi kali na kuwasha hita bila kikomo. Hita ile ya ohm 22 inawaonya kwa harufu tu. Kwenye mashine ya nyumbani ni moto.

Karibuni kwa maswali, na kwa kunirekebisha.

#2 Mtaa wa Saba

Asante kwa uzi, Mwalimu. Nina swali la moja kwa moja. Hao wanafunzi wako wangapi nyumbani kwao kuna mashine ya kufulia? Mimi nimekulia Mbagala, nimeiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24. Kwa nini usiwape kitu wanachokijua, kwa mfano pampu na simtanki? Kila mtaa una simtanki juu ya mnara, na kila mtu ameshasikia "zima pampu, tangi linamwagika!"

#3 Mwalimu Volti Tano

Mkuu, umenigusa, na nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Tangu mwaka juzi tunaanza na simtanki kwa wiki mbili za kwanza. Ni kapasita ile ile, ila sasa valvu ni pampu na pampu ya kutolea ni matumizi ya nyumbani.

Simtanki linafundisha jambo moja vizuri kuliko kifaa kingine chochote. Mwanafunzi wa kwanza huandika: maji yakiwa chini ya 800 washa pampu, yakifika 800 zima. Anapakia programu, relei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) inaanza kulia tak-tak-tak-tak kama cherehani, kwa sababu namba inacheza 799, 801, 798. Darasa zima linageuka. Huhitaji kueleza kitu. Wenyewe wanasema, "Mwalimu, iwashe ikifika 300, izime ikifika 900." Wamegundua pengo la kuwashia na kuzimia kwa masikio yao, na ni pengo lile lile lililomo kwenye pasi na friji.

Ila simtanki lina hali mbili tu. Ili mtu ajifunze mpangilio wa hatua nyingi, zenye muda na masharti, mashine ya kufulia bado naiona haina mpinzani. Na kufua wanakujua hata kama mashine hawajaiona, ndiyo maana naanza na beseni.

#4 Fundi Majokofu

Shikamoo Mwalimu, na habari zenu wengine. Mimi ni mwanamama, nina miaka kumi na tatu kwenye friji na viyoyozi, Tanga. Naomba nikuongezee kifaa: friji. Na nina ombi juu yake.

Kompresa ikizima, gesi ya upande wa presha kubwa inahitaji dakika kadhaa kusawazika na upande wa presha ndogo. Ukiiwasha hapo hapo inajaribu kuanza ikiwa imebeba mzigo mzito, inavuta ampea nyingi, inanguruma, kinga ya joto inaikata. Ukirudia rudia hivyo, waya za ndani zinaungua na mteja ananunua kompresa mpya. Ndiyo maana vile vikinga friji tunavyochomeka ukutani husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, hata kama umeme umesharudi.

Ombi langu: nimeona walimu wengi kwenye vifaa vya kuigiza wanafupisha muda, dakika inakuwa sekunde ili kipindi kisiishe. Tafadhali, kwa friji, angalau mara moja acha dakika tatu ziwe dakika tatu. Mwanafunzi akae, aangalie, taa haiwaki, aanze kudhani ameharibu, atake kubonyeza tena. Mimi kila mwezi naletewa kikinga kizima kabisa, mteja anasema "kimekufa, nimewasha na hakiwaki." Hakusubiri. Na mafundi vijana nao wanakifungua na kukiruka kwa waya, kwa sababu hawajawahi kukaa dakika tatu wakajua kimya kile ni kazi.

#5 Mwalimu Volti Tano

Marahaba dada. Maneno yako nimeyaandika kwenye daftari la maandalizi. Nilikuwa nafupisha, ni kweli, sekunde tatu kwa dakika tatu. Muhula ujao kutakuwa na kipindi kimoja cha friji kwa saa ya kweli, na wakati wa kusubiri nitawapa wachore mkunjo wa presha badala ya kuwaongelesha.

Naomba pia ruhusa ya kutumia mfano wa yule mteja, bila jina.

#6 Fundi Majokofu

Ruhusa unayo.

#7 Pwani KE

Salamu kutoka Mombasa. Mimi hufunza vijana baada ya masaa ya shule, na sina karakana. Nina laptopu mbili na vijana kumi na wawili, wengi wako na simu. Hivyo mimi huiga kila kitu kwa programu. Wokwi, programu ya kuiga saketi, inafunguka kwenye kivinjari na ina bodi za Arduino Uno na ESP32. Wakati hakuna bando tunatumia SimulIDE, hiyo inafanya kazi kwa kompyuta bila mtandao na haina malipo. Tumejenga mikrowevu nzima humo: vitufe vya namba, skrini, mlango, sahani inayozunguka. Swali langu ni, Mwalimu, wewe unaona kuiga kwa skrini ni elimu pungufu? Maana ubao wako ni mzuri, lakini ni mmoja, na darasa ni kubwa.

#8 Mwalimu Volti Tano

Ndugu yangu, sioni pungufu. Nina ubao sita kwa wanafunzi thelathini na wawili, kwa hiyo foleni naijua. Skrini inampa kila mtu mashine yake na inamruhusu akosee mara mia bila kuunguza kitu. Ninachokikosa humo ni uchafu wa dunia. Kwenye skrini ukibonyeza kitufe kimebonyezwa mara moja. Kitufe cha kweli hudunda, kinagusa na kuachia mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, na programu inahesabu mibonyezo mitano badala ya mmoja.

#9 Pwani KE

Hapo nikusahihishe kwa heshima, Mwalimu. Vitufe vya Wokwi hudunda. Wameiga hiyo makusudi, na ukitaka kisidunde ndio unaenda kuzima kwa mipangilio. Vijana wangu walihangaika nayo siku mbili, mikrowevu inaruka kutoka dakika 1 hadi 4 kwa mbonyezo mmoja.

#10 Mwalimu Volti Tano

Nimejaribu sasa hivi na umesema kweli. Nashukuru sana, nafuta kauli yangu kuhusu vitufe.

Nabakiza jambo moja. Juzi mwanafunzi aliunganisha relei moja kwa moja kwenye pini ya Uno. Koili ya relei ile ya volti 5 ina ohm 70 hivi, maana yake inataka miliampea 71, na kikomo cha mwisho cha pini ni 40. Mwanzo ilifanya kazi kwa kusuasua, kisha pini ikafa. Kwenye bodi hiyo pini nimeizungushia wino mwekundu na bado inatumika darasani, imeandikwa tarehe. Kwa hiyo ningekushauri: jengeni kwenye skrini, halafu hata mara moja kwa mwezi mlete kifaa kimoja kizima kwenye meza, chenye transista na dayodi yake mgongoni mwa koili. Vifaa vyenyewe mnavipata kwenye redio na printa zilizokufa.

#11 Mzee wa 8085

Nimefuatilia kimya. Mimi nilisoma kwa Intel 8085, chipu ya mwaka 1976, tunabonyeza heksa moja moja kwenye kibodi ndogo, ukikosea baiti moja unaanza upya. Kijana wa leo anaandika mstari mmoja na taa inawaka, hajui rejista, vile vyumba vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu, ni nini. Mwalimu, hapo unafundisha maikroprosesa au unafundisha kutumia maktaba za programu zilizoandikwa na watu?

#12 Mwalimu Volti Tano

Shikamoo mzee wangu. Swali hili najiuliza kila muhula, kwa hiyo nimetenga wiki moja kwa ajili yake. Wiki hiyo tunarudi kwenye jambo moja tu: mlango ukifunguka, zima mota. Wanaliandika kwa lugha ya kawaida ya Arduino, kisha wanaliandika kwa asembli (lugha iliyo karibu kabisa na chipu) ya ATmega328P, chipu ya Uno, wakigusa rejista za bandari wenyewe. Tunapima kwa osiloskopu. Chipu inakwenda megahezi 16, mapigo mawili yanatosha kuinua pini kwa amri ya SBI, yaani nanosekunde 125. Ile amri ya maktaba inachukua maikrosekunde kadhaa kwa kazi ile ile. Pale ndipo wanauliza, "Muda mwingine wote umekwenda wapi?" na swali hilo linatupeleka mpaka ndani ya chipu.

Nawaonyesha pia tulikotoka. Texas Instruments walitoa TMS1000 sokoni mwaka 1974, chipu ya biti 4 iliyoingia kwenye vikokotoo, vitu vya kuchezea vya watoto na majiko ya mikrowevu. Nafasi yake ya programu ilikuwa baiti 1,024, na kumbukumbu ya kazi ilikuwa vyumba 64 vya biti 4. Jiko zima, saa, vitufe na mlango, ndani ya hapo. Uno ina nafasi ya kilobaiti 32. Baada ya kusikia hayo, kuna kundi lilijipa sharti lenyewe kwamba mashine yao ya kufulia isizidi baiti 1,024. Waliandika asembli wiki nzima bila mimi kuwaamuru.

#13 Mzee wa 8085

Marahaba. Hapo sina neno. Nina kifaa kimoja cha mafunzo cha 8085 kipo kabatini, bado kinawaka. Nitakutumia ujumbe faragha, kije kikae na vijana.

#14 Mwanachuo Mbeya

Habari wakubwa zangu. Mimi niko mwaka wa pili. Nimevutiwa na hiyo mikrowevu ya Pwani KE. Nyumbani tuna mikrowevu mbovu, bodi imeungua lakini magnetroni (kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula) ni nzima. Nataka nitoe bodi niweke Arduino na relei, iwe mradi wangu wa mwisho. Mwalimu unanishauri nianzie wapi?

#15 Mwalimu Volti Tano

Mdogo wangu, nakuomba usianze. Nitaeleza, sitakuacha na katazo tupu.

Kwanza, ndani ya mikrowevu umeme unapandishwa mpaka volti elfu kadhaa, na ile kapasita kubwa inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Yule mwanafunzi wangu wa kiwiko aligusa kapasita ya mota na akabahatika. Hii haitoi bahati hiyo.

Pili, mlango wa mikrowevu una swichi tatu. Mbili zinakata umeme ukifungua. Ya tatu ipo kwa ajili ya siku ambayo mbili hizo zimeganda: inasababisha shoti ya makusudi ili fyuzi iungue na jiko life. Waliolibuni hawakumwachia kompyuta kazi hiyo. Wewe ukiweka Arduino, unaweza bila kujua ukawa umeruka ulinzi huo.

Soma habari za Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987 ilihusika katika ajali sita zinazojulikana, wagonjwa wakapigwa mionzi kupita kiasi, baadhi wakapoteza maisha. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma. Hii iliachia programu peke yake kazi ya kulinda, na programu ilikuwa na kasoro. Kila mwaka naisimulia darasani na kila mwaka inaniuma upya.

Ndiyo maana hata kwenye ubao wangu wa volti 5, waya chanya wa mota unapita kwenye swichi ya mlango kwanza. Programu inaujua mlango, lakini hata ikikosea, mota haipati umeme. Jenga mikrowevu ya kuigiza: taa badala ya magnetroni, mota ndogo ya sahani, swichi tatu za mlango zote, na fyuzi ya kweli ya miliampea 200 kwenye usambazaji wa volti 5. Kisha gandisha mbili kwa gundi mbele ya wasahihishaji wako, ufungue mlango, waone fyuzi inakufa. Mradi huo nitausimamia mwenyewe kwa simu ukitaka.

#16 Mwanachuo Mbeya

Nimekuelewa Mwalimu. Nimeirudisha mikrowevu stoo. Nakutumia mchoro wiki hii.

#17 Mtaa wa Saba

Nimerudi. Swali la mtu wa kawaida: LUKU ikiisha katikati ya kusuuza, mashine yenu inafanya nini umeme ukirudi?

#18 Mwalimu Volti Tano

Swali zuri sana, na lilimtoa jasho kila mwanafunzi niliyewahi kumpa. Programu ya kwanza huanza upya kutoka KUSUBIRI, mlango unafunguka, na tangi limejaa maji. Sebule nzima imelowa.

Jibu lao la pili ni kuhifadhi hali kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikata. Wengi wanahifadhi kila sekunde, wakijua wamemaliza. Nawaambia wafungue karatasi ya data ya chipu: kila chumba cha EEPROM kimehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Kwa sekunde moja moja hizo ni chini ya saa 28. Mashine yako itakufa kabla ya wiki ya pili ya ndoa. Basi wanaandika pale tu hali inapobadilika, mara nane kwa fuo moja, na hesabu inakwenda mpaka fuo 12,500.

Jibu la tatu, ninalolisubiri, ni kwamba mashine ikiamka isiamini kumbukumbu peke yake. Ipime maji kwanza. Huenda mtu ameyamwaga kwa mkono wakati wa giza. Ikikuta maji yapo, mlango ubaki umefungwa mpaka pampu imalize, EEPROM iseme itakalo.

#19 Pwani KE

Mwalimu, nimengoja wiki mbili niandike hii. Tumejenga ubao wako, vijana wamefurahi sana, hita imewaunguza vidole kidogo lakini hakuna neno. Sasa hilo jaribio la umeme kukatika limetushinda. Tunajaza tangi, namba inafika 600, tunachomoa USB, tunangoja sekunde kumi, tunarudisha. Maji hayako! Namba inasoma karibu na sifuri. Tumebadilisha kapasita tatu tukidhani zinavuja. Na kuna kijana mmoja, ana miaka kumi na tano, ameona kitu: tukichomoa, taa ya bodi haizimi hapo hapo. Inafifia kidogo kidogo. Anasema maji yanaenda kwa taa.

#20 Mwalimu Volti Tano

Mpe huyo kijana mkono wangu. Amesema kweli, na ameona nilichokuwa sijakiona.

Nimekwenda karakana asubuhi hii kabla ya kuandika. Muda wote huu nilikuwa nafanya jaribio la umeme kukatika kwa kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya, siyo kwa kuchomoa waya. Kwa kitufe, chipu inaendelea kuwa na umeme na tangi linabaki limejaa. Nilipochomoa waya, maji yalipotea kama kwenu.

Sababu iko ndani ya chipu. Kila pini ina dayodi ya ulinzi inayoelekea kwenye mstari wa volti 5. Umeme ukikatika mstari ule unashuka, kapasita yetu inakuwa juu kuliko chipu yenyewe, chaji inapita kwenye dayodi ile na kuanza kuilisha bodi nzima kwa nyuma. Ile taa inayofifia ni maji ya tangi yanayomwagika kupitia pini ya kupimia.

Tiba niliyoijaribu na imefanya kazi: wekeni rizista ya kiloohm 100 kati ya kapasita na pini ya analogi, na kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda hasi ili usomaji usiyumbe. Sasa chaji inatoroka pole pole, muda wake ni kama sekunde 100 badala ya chache. Nimechomoa nikasubiri sekunde ishirini, nikarudisha: kutoka 600 nimesoma 510. Mashine ikajua ina maji, mlango haukufunguka, pampu ikaanza.

Narekebisha ubao wote sita leo. Na kwenye mchoro mpya, kando ya rizista ile, naomba uniandikie anavyopenda kijana aitwe, hata jina la utani, niliweke hapo.

#21 Pwani KE

Amesema aandikwe "Mlinzi wa Tangi". Rizista tumeweka. Tumechomoa, tukahesabu mpaka ishirini kwa sauti. Maji yako.